Inkscape na saidia fundi wake: kwa nini programu moja hukuomba nyingine

Kijana mmoja alipeleka nembo ya saluni ya dada yake kwa fundi wa stika. Fundi akaitazama mara moja kwenye kioo, akasema, "Hii ikikuzwa itapasuka. Niletee vekta." Kijana akarudi nyumbani, akabadilisha jina la faili kutoka nembo.jpg likawa nembo.svg, kesho yake akatokea dukani na flashi mkononi akijua kazi imeisha. Kompyuta ya fundi ilikataa hata kulifungua.

Kuna mwingine ambaye tatizo lake huanzia mbele kidogo. Ameambiwa ipo programu ya kuchorea vekta, inaitwa Inkscape, haiuzwi. Ameipakua, ameisakinisha (wengi tunasema kuinstoli, na tunaelewana), na imefunguka vizuri. Wiki ya pili mteja anamtumia faili la EPS, halifunguki. Anajaribu kiendelezi (kijiprogramu cha kuiongezea Inkscape uwezo) alichokiona kwenye video. Unatokea ujumbe kwamba kitu kiitwacho lxml hakipo. Anaiondoa programu na kusema vya bure ndivyo vilivyo. Huyu wa pili, kwa miezi kadhaa, nilikuwa mimi.

Wa kwanza hajui vekta ni kitu gani. Wa pili anadhani programu ni kitu kimoja. Inkscape ni fundi, na fundi wa maana huja na saidia fundi: huyu anachanganya zege, yule anabeba matofali. Wa zege asipofika, ukuta hausimami siku hiyo, lakini huwezi kusema fundi ni kihiyo. Sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu Inkscape ni malalamiko ya saidia fundi ambaye hakuitwa kazini.

Shamba na bikoni zake

Chukua shamba. Unaweza kulieleza kwa kulipiga picha kutoka juu. Picha hiyo ni vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae vya sakafu, kila kigae na rangi yake moja. Kigae hicho ndicho pikseli. Ukiikuza picha, vigae haviongezeki. Vinanenepa tu, mpaka unaanza kuona miraba. Hapo ndipo mafundi husema picha imepasuka. JPEG na PNG ni za namna hii, na kwa sura ya bibi harusi au machweo ya Forodhani hakuna namna iliyo bora kuliko hiyo.

Au unaweza kulieleza kwa bikoni. Mpimaji anaandika: bikoni ya kwanza ipo hapa, ya pili pale, kati yake mstari umenyooka, kutoka ya pili kwenda ya tatu mpaka unapinda hivi kufuata mto. Hakupiga picha, ametoa maelekezo. Kwa maelekezo hayohayo unaweza kuchora ramani kwenye karatasi ya daftari au kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na mpaka utabaki mkali vilevile, kwa kuwa kila mara unachorwa upya. Hiyo ndiyo vekta. Bikoni zake huitwa nodi.

Ile mipindo kati ya nodi ina historia ninayoipenda. Hesabu yake inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault huko Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora maumbo ya bodi za magari. Mwenzake wa Citroën, Paul de Casteljau, alikuwa ameshaifikia njia kama hiyo kabla yake, ila kampuni yake iliifanya siri, na jina likaenda kwa Bézier. Kwa hiyo ukivuta kishikio cha nodi ili kuinamisha herufi ya bango la duka la nyama, unatumia kifaa cha watengeneza magari.

SVG ni lugha ya kuandikia maelekezo hayo. Ilipitishwa kuwa kiwango cha wote mwaka 2001 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Ndani yake ni maandishi matupu. Fungua faili la SVG kwa Notepad na utasoma, kwa namna yake, kitu kama: duara, kitovu chake hapa, nusu kipenyo 40, rangi kijani. Ndiyo sababu kubadilisha jina la JPEG hakuzai vekta. Ni kubandika karatasi ya "chumvi" kwenye kopo la sukari.

Kuna udanganyifu wa ngazi ya juu kidogo, na huu unawanasa hata wenye uzoefu. Mtu anaingiza JPEG ndani ya Inkscape, kisha anahifadhi kama SVG au PDF. Safari hii faili linafunguka, na jina ni la kweli. Lakini ndani yake ile picha imekaa nzima nzima, kama mtu aliyegundisha picha ya shamba juu ya ramani tupu. Namna ya kupima ni rahisi: kuza mpaka asilimia 2000. Kingo zikibaki kali, hiyo ni vekta. Ukiona miraba, umepewa picha iliyovaa koti la mtu mwingine.

Bure, na huria

Inkscape ni programu huria. Neno hilo ni pana kuliko "bure". Bure ni bei. Huria ni haki. Leseni yake, GPL, inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote hata ya biashara, kuona namna ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kumgawia mwenzako. Mwalimu mwenye kompyuta 20 darasani anaweza kuiweka kwenye zote kutoka flashi moja, na hajaiba kitu. Hiyo ni tofauti kubwa na zile programu ghali ambazo wengi wetu tumezijua kwa njia ya kreki, yaani kuvunja kufuli la leseni, ambapo antivirasi huzimwa kwanza ndipo usakinishaji uendelee. Mtu anayeogopa kwamba "ya bure ina virusi" huku akizima antivirasi ili aweke kreki, mimi huwa simwelewi.

Programu yenyewe si ya jana. Mwaka 2003 watengenezaji wanne walijitenga na mradi ulioitwa Sodipodi, wa Lauris Kaplinski, wakachukua msimbo uleule na kwenda nao njia yao. Leseni ilikuwa inawaruhusu. Ilichukua mpaka Mei 2020 kufikia toleo 1.0, na toleo 1.4 likatoka Oktoba 2024. Waandishi wake wengi ni watu wa kujitolea.

Kuna hofu nyingine niliyokutana nayo zaidi ya mara moja: kwamba ukichora nembo kwa programu huria, nembo nayo inakuwa huria, kila mtu aichukue. La. Leseni inaihusu programu, haigusi unachokichora nayo. Sufuria ya kuazima haimpi mwenye sufuria haki ya pilau.

Kupakua: mlango mmoja, vifurushi vingi

Mlango ni inkscape.org. Andika anwani mwenyewe badala ya kubofya tangazo la kwanza unaloliona ukitafuta, kwa sababu tovuti za kuokoteza zina tabia ya kuweka vitufe vikubwa vya kijani vinavyokupa kitu kingine kabisa. Pia usishangae ukikuta mtu anaiuza mahali. GPL haimkatazi kuuza. Inakupa wewe tu uwezo wa kutomnunulia.

Ukishafika, kwa Windows utaulizwa unataka kifurushi gani, na hapa wengi huganda. Cha exe ndicho cha watu wengi: unabofya, unaendelea mbele mpaka mwisho. Cha msi kiliwekwa hasa kwa wanaosimamia kompyuta nyingi ofisini. Cha 7z hakisakinishwi kabisa. Unakifungua kwa 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, kwenye folda, hata kwenye flashi, na kuendesha programu kutoka humohumo. Nakipendekeza kwa wanafunzi wanaotumia kompyuta za maabara au za mgahawa wa intaneti, ambazo zitakuomba nywila ya msimamizi ambayo huna. Ukiulizwa biti 32 au 64, kompyuta nyingi za leo ni 64. Ukiwa na shaka angalia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu inayoeleza habari za kompyuta yenyewe. Mara ya kwanza inaweza kuchelewa kufunguka huku ikikagua fonti zako. Iache imalize. Usibofye mara nane.

Kwenye Mac ni kuburuta ikoni kwenda kwenye folda ya programu, ukiwa umechagua kifurushi cha chipu ya Intel au cha chipu za Apple. Maelekezo ya zamani yanayokutaka uweke kwanza XQuartz ni ya kabla ya toleo 1.0, yapuuze.

Linux ndiko kwenye vurugu, na vurugu hiyo inaelezeka kwa nyumba ya kupanga. Kuna chumba cha uani: unalala kwako, lakini jiko, bomba na choo ni vya wote. Hivyo ndivyo ilivyo unapoandika sudo apt install inkscape kwenye dirisha la amri (terminal) la Linux za aina ya Ubuntu au Debian. Programu inakuja nyembamba na inatumia vifaa ambavyo mfumo mzima unavitumia. Haijazi diski, na inaelewana na majirani. Ubaya wake ni kwamba toleo linalotolewa ni lile ambalo mwenye nyumba aliliweka wakati anajenga, kwa hiyo linaweza kuwa la miaka kadhaa nyuma.

Flatpak na Snap, njia nyingine mbili za kusakinisha programu kwenye Linux, ni chumba masta: bafu lako, jiko lako, mlango wako. Unapata toleo jipya, na mfumo ukichakaa wewe huguswi. Lakini kuta ni nene. Programu iliyo ndani huenda isione folda fulani, na saidia fundi uliyemweka uani haimsikii. Nusu ya maswali ya aina ya "nimeshaweka kifaa hiki, mbona Inkscape inasema hakipo?" hujibiwa na ukuta huo. Halafu ipo AppImage, ambayo ni chakula kwenye hotipoti: faili moja lenye kila kitu, unalipatia ruhusa ya kuendeshwa, unalifungua, na ukishiba unalifuta.

Kwa simu ya Android hakuna Inkscape rasmi. Ukiona kitu dukani chenye jina linalofanana, soma mara mbili.

Saidia fundi wenyewe

Wengine huja wakiwa ndani ya begi la fundi, na huhitaji kuwatafuta. Potrace ni mmoja wao. Aliandikwa na Peter Selinger, na kazi yake ni kutazama picha ya pikseli na kukisia mipaka yake, kisha kuiandika upya kwa nodi. Unamkuta kwenye menyu ya Path, amri ya Trace Bitmap. Hapa ndipo yule kijana wa saluni angepaswa kuanzia, lakini kwa kiasi. Potrace hukisia kutokana na anachokiona. Ukimpa nembo ya rangi mbili, kubwa na safi, atakurudishia kitu kizuri. Ukimpa nembo iliyopita kwenye makundi sita ya WhatsApp, ambako kila ilipotumwa kama picha ilibanwa, atakuchorea ukungu kwa uaminifu mkubwa, nodi elfu tatu za ukungu. Mwombe mteja alitume faili la asili kama dokumenti, au chora upya juu yake kwa mkono. Nembo nyingi ni duara, mistari na herufi. Kuzichora upya huchukua nusu saa, na matokeo yake hayalinganishwi.

Python ni lugha ambayo viendelezi vya Inkscape vimeandikwa kwayo, vile vya kutengeneza msimbo wa QR, kalenda, gia na mengineyo. Kwenye Windows na Mac inakuja ndani ya kifurushi. Narudia kwa sababu nimeona watu wakihangaika: kwenye Windows huhitaji kwenda kupakua Python kando ili Inkscape ifanye kazi. Kwenye Linux ya chumba cha uani, Python ni ya wote, na unaweza kukuta vitabu vyake viwili havijaletwa: lxml, inayomsaidia kusoma SVG, na numpy, ya hesabu. Ule ujumbe ulionifanya niiondoe programu ulikuwa unasema hivyo tu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: sudo apt install python3-lxml python3-numpy. Miezi kadhaa ya kununa, kwa mstari mmoja.

Kama kiendelezi umekipata kwingine, tazama umri wake. Toleo 1.0 lilibadilisha sana namna Inkscape inavyoongea na viendelezi, na Python 2 ilifungwa rasmi Januari 2020. Kiendelezi kilichoandikwa kwa toleo 0.92 kina uwezekano mkubwa wa kugoma kwenye la leo, na si kosa lako wala lake.

Sasa EPS. Ili kuielewa inabidi kumjua PostScript, lugha iliyotengenezwa na Adobe miaka ya 1980 ili kompyuta iweze kuieleza printa ukurasa unavyotakiwa kuwa. EPS ni kipande cha barua kilichoandikwa kwa lugha hiyo. Inkscape haiijui. Humwita mkalimani, naye ni Ghostscript, programu huria iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch mwaka 1988. Ghostscript husoma EPS, huigeuza kuwa PDF, na PDF Inkscape inaijua vizuri.

Kwenye Linux mkalimani huyu mara nyingi yupo tayari. Kwenye Windows unamweka wewe, na hata ukishamweka Inkscape inaweza kukwambia haimwoni. Sababu ni PATH. Hebu fikiri umemtuma mtoto amwite Juma, hukumwambia Juma anakaa wapi. Ana orodha ya nyumba chache anazozijua. Atagonga zote, asipomkuta atarudi kusema Juma hayupo, hata kama Juma amekaa barazani nyumba ya kumi. PATH ni orodha hiyo ya nyumba. Ghostscript akisakinishwa, folda zake mbili, bin na lib, zinatakiwa ziandikwe humo. Tafuta "environment variables" kwenye Windows, chagua Path, bonyeza kitufe cha kuongeza mpya, weka anwani ya folda ya kwanza, kisha ya pili, halafu funga Inkscape na uifungue tena. Ongeza tu. Ukifuta yaliyomo, utakuwa umewahamisha majirani wote na programu nyingine zitaanza kupotea.

Kama hayo yote yanakuchosha kwa ajili ya faili moja, mwombe aliyekutumia akupe PDF. Mara nyingi anayo. Na kwa vyovyote, usifungue EPS ya mtu usiyemjua. PostScript ni lugha kamili ya programu, kwa hiyo faili lake linaweza kubeba amri zaidi ya michoro.

CDR ni habari ya karibu na nyumbani, maana CorelDRAW imetawala maduka mengi ya uchapaji huku kwetu. Inkscape hufungua CDR kwa msaada wa maktaba (msimbo ulioandaliwa ili programu nyingine ziutumie) iitwayo libcdr, iliyojengwa na watu waliokaa kuchunguza muundo wa mafaili hayo bila kupewa maelezo na mwenyewe. Kwa hiyo husoma, wakati mwingine vizuri, wakati mwingine maandishi yanahama au vivuli vinapotea. Kuandika CDR haiwezi. Fundi akikudai CDR, mpelekee PDF au SVG. CorelDRAW yake inazifungua. Faili la AI nalo hufunguka kama lilihifadhiwa likiwa na PDF ndani yake, ambavyo ndivyo huwa mara nyingi.

Fonti si programu, lakini ndizo zinazoaibisha watu mbele ya wateja. SVG yako inaandika "neno hili liwe kwa fonti fulani". Haibebi fonti yenyewe. Ukiifungua kwenye kompyuta ya dukani isiyo na fonti hiyo, itaokota nyingine, na jina la saluni lililokuwa limejipinda kwa madaha litatoka kama tangazo la mnada. Kuna dawa mbili. Kwako, sakinisha fonti kwenye mfumo, au tangu toleo 1.0 ielekeze Inkscape kwenye folda unayoziweka, kisha ifungue upya. Kwa faili la kupeleka kwa fundi, chagua maandishi na utumie amri ya Object to Path, ambayo hugeuza herufi kuwa maumbo. Baada ya hapo huwezi tena kuhariri neno, kwa hiyo fanya hivyo kwenye nakala. Nilifanya kwenye faili la asili la kadi za mwaliko, na jina la ukoo wa bwana harusi lilikuwa limekosewa herufi moja.

Rangi, na kwa nini Scribus

Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga: nyekundu, kijani na bluu, na vyote vikiwaka pamoja unapata nyeupe. Wino hufanya kinyume. Kadiri unavyoongeza ndivyo unavyokwenda gizani. Ndiyo tofauti ya RGB na CMYK. Inkscape inafanya kazi kwa RGB, na PDF unayoitoa humo ni ya RGB. Wapo wanaosema kwa hiyo haifai kwa uchapaji. Si kweli, na si uongo mtupu pia. Kwa bango la plastiki, stika na fulana, mashine nyingi za kidijitali hupokea RGB na kuigeuza zenyewe. Ila kijani kile kinachong'aa kwenye kioo kitapoa kwenye karatasi, na kingepoa hata ungetumia programu ya bei yoyote, maana wino hauna mwanga huo.

Pale mchapaji wa ofseti anapodai CMYK hasa, humpi Inkscape, unampa Scribus. Hii ni programu huria nyingine, ya kupanga kurasa. Unaingiza SVG yako, unarekebisha rangi, unatoa PDF ya CMYK. Kagua vivuli na ukungu baada ya kuingiza, kwa sababu baadhi ya madoido ya Inkscape hayavuki salama. Na picha za watu zishughulikie kwenye GIMP, programu huria ya kuhariri picha, kabla ya kuzileta; Inkscape si mahali pa kuondolea chunusi.

Beji za sweta

Saidia fundi ninayemtaja kwa furaha zaidi ni Ink/Stitch, kwa ajili ya mafundi wa darizi wanaoweka beji kwenye sweta za shule. Programu za darizi zinazouzwa zina bei ya kutisha. Ink/Stitch ni kiendelezi huria cha Inkscape. Unachora umbo, unalipatia uelekeo wa nyuzi na wingi wake, nacho hutoa faili ambalo cherehani ya darizi inalielewa: DST ya Tajima, PES ya Brother, JEF ya Janome na nyinginezo. Ukishakisakinisha hakidai intaneti.

Hakifanyi muujiza, lakini. Umbo la vekta si mshono. Lazima umwambie uzi uanzie wapi, ulale upande gani, na chini yake pawe na mishono ya kushikilia kitambaa. Bila hivyo sweta litakunjamana. Na kinachagua sana toleo: pakua Ink/Stitch inayolingana na Inkscape uliyo nayo, na kama umeipata Inkscape kwa njia ya Snap au Flatpak, kumbuka ule ukuta mnene.

Kabla hujaiondoa

Faili la zamani lililochorwa kabla ya toleo 0.92 litakuuliza swali la ukubwa unapolifungua. Usibofye tu. Mwanzoni Inkscape ilihesabu pikseli 90 kwa inchi, toleo 0.92, la Januari 2017, lilihamia 96 ili kufuata kiwango cha wavuti. Bila marekebisho, nembo ya sentimita 15 ingetoka na upana wa sentimita 14 na kitu, na stika iliyokusudiwa mlango wa gari isikae mahali pake.

Na ikianza kufanya vituko, madirisha yakipotea au vifaa vikigoma, kuiondoa na kuiweka upya hakusaidii kama watu wanavyodhani. Mapendeleo yako hukaa kwenye folda yako binafsi, na usakinishaji mpya huyakuta yamelala palepale na kuyaamsha. Ifunge programu, nenda kwenye folda ya inkscape iliyo ndani ya AppData kwenye Windows, au ndani ya .config kwenye Linux, tafuta preferences.xml na ulibadilishe jina. Ikifunguka tena itaandika jipya, safi kama siku ya kwanza.

Kuhusu ile nembo ya saluni: ilikuwa duara mbili, kitana, na jina. Ilichorwa upya juu ya JPEG kwa kalamu ya Bézier, maandishi yakageuzwa kuwa maumbo kwenye nakala, na picha ya chini ikafutwa kabla ya kuhifadhi. JPEG ilikuwa na KB 840. SVG ilitoka na KB 9, na fundi akaikata kwenye kioo cha mlango ikiwa na upana wa mita moja na nusu.